Miaka Mitatu Tu

Tulipowaaga wazee pale Machame mwezi wa nane mwaka 1997 tuliwaambia, "Ni miaka mitatu tu." Bibi wa watoto, yaani mama mzaa baba, alituwekea mikono kichwani, kisha akageuka na kuonyesha miche ya kahawa aliyokuwa ameipanda msimu ule. "Basi mtarudi hii ikiwa imeanza kuzaa," alisema. Wapendwa akina mama, kahawa ile ilizaa, ikazeeka, ikang'olewa ikapandwa nyingine, na sisi tungali huku. Tumepita miaka ishirini na minane.

Tunaandika "sisi" kwa sababu barua hii tunaiandika wawili, mke na mume, kwenye meza ya jikoni. Kalamu ameishika mama. Baba kazi yake ni kusahihisha tarehe, na kukohoa pale anapoona tumesema mengi mno.

Tulikwenda Leipzig, mji wa mashariki ya Ujerumani. Kwa Mlutheri wa Kilimanjaro jina hilo si geni, maana ni wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Machame mwaka 1893, na babu zetu walijifunza kusoma katika shule zao. Tulidhani basi kwamba tunakwenda mahali panapotufahamu. Baba alikuwa anakwenda kuongeza elimu. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeomba likizo bila malipo. Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka miwili.

Wanaokwenda ng'ambo huulizwa habari za baridi. Baridi ni jambo dogo, linatibiwa kwa koti. Kilichotushinda ni giza. Mwezi wa Desemba jua la kule huchomoza saa mbili za asubuhi zimepita, na saa kumi za jioni limekwisha kuzama, tena siku nyingi hata hilo lenyewe halionekani. Mtoto ulimpeleka chekechea gizani ukamrudisha gizani. Halafu kimya. Nyumba yetu ilikuwa na ngazi moja iliyotumiwa na jamaa kumi, na hakuna aliyepiga hodi kwa mwingine. Kumtembelea mtu kulihitaji siku na saa. Siku moja tulipokea wageni watatu wa kwetu, tukaimba tenzi mbili baada ya chakula, na kesho yake tukakuta karatasi mlangoni ikitukumbusha saa za utulivu. Karatasi haikuwa na matusi, na hiyo ndiyo iliyotuuma: hatukupata hata mtu wa kugombana naye.

Yako mengine ambayo hatutayaandika kwa urefu. Miaka ile ya tisini mtu mweusi alichagua saa ya kupanda tramu mashariki ya Ujerumani, na baba mara mbili alirudi nyumbani akiwa ametemewa mate. Tulimwambia mtoto kwamba ni mvua. Kazi nyingi pia zilikuwa zimepotea upande ule tangu nchi mbili zilipoungana mwaka 1990, na watu walikuwa na hasira zao ambazo hazikututafuta sisi bali zilitukuta njiani. Tuliyajua hayo baadaye sana. Wakati ule tuliyapeleka kwa Mungu, na mengine tuliyanyamazia tu.

Mtoto wa pili alizaliwa Novemba mwaka 2000. Kila mama anayesoma hapa anajua uzazi wa kwetu ulivyo: miezi mitatu mzazi hatoki, hashiki jembe, analetewa mtori na maziwa, wifi na shangazi wanapokezana. Sisi siku ya nne tulikuwa tumerudi ghorofani na mfuko wa nepi, baba ana mtihani wiki ijayo. Tulikaa kitandani tukalia, wote watatu na yule mchanga wa nne. Saa nne asubuhi kengele ikalia. Alikuwa mkunga, mama wa makamo mwenye mkoba wa ngozi. Hatukujua kwamba kule mkunga humfuata mzazi nyumbani, tena kila siku kwa siku kumi za kwanza, na bima ya afya ndiyo inayomlipa. Alimpima mtoto, akampima mama, kisha akaketi jikoni kama mtu asiye na haraka. Siku ya tatu tulithubutu kumpa mtori. Ndizi mshare hazikupatikana, tulitumia ndizi mbichi za dukani kwa Wavietnamu zilizotugharimu karibu fedha za nyama ya wiki. Alikula, akauliza ni dawa ya nini. Tukamwambia ni ya kurudisha damu. Akaandika kwenye daftari lake! Hatujui kama aliwahi kuwapikia wazazi wengine, lakini mkunga yule tulimwombea kwa jina miaka mingi.

Miaka mitatu ikaisha, shahada ikawa haijaisha. Kisha ikaisha, na baba akapata kazi ya mkataba wa miaka miwili. Tukasema, tukusanye kidogo cha kuanzia, tutarudi. Hapo ndipo lilipoanza lile pipa.

Nyumba za kule zina stoo chini ya ardhi, kila jamaa na chumba chake cha mbao. Chumba chetu tulikijaza vitu vya "nyumbani". Tulinunua pipa la plastiki la bluu, halafu la pili, halafu la tatu. Tuliweka cherehani, vyombo vya udongo, mashuka ambayo hayakuwahi kufunguliwa, nguo za watoto zilizowabana ili ziwafae binamu zao, hata masinki mawili ya bafu. Juu, mahali tulipoishi, tulikalia viti vilivyookotwa barabarani siku ya watu kutupa vitu vikubwa. Hatukutundika picha ukutani, maana kutoboa ukuta wa watu kwa ajili ya mwaka mmoja kulikuwa na faida gani? Hatukujiunga na chama chochote cha wazazi. Lugha tulijifunza ya kutosha sokoni na kazini. Rafiki akitualika likizo tulisema hapana, tunatunza fedha za kontena. Mwaka ukiisha tulisema mwakani.

Jambo moja tunalikiri hapa kwa mara ya kwanza. Hatukuwahi kutaka kurudi kwa wakati mmoja. Mwaka ambao mama alikuwa tayari, baba alikuwa amepata mkataba. Mwaka ambao baba alichoshwa, mama alikuwa katikati ya masomo. Tuligombana juu ya hilo kuliko juu ya fedha, na tuligombana kwa kunong'ona, kwa sababu ya kuta.

Masomo hayo ya mama nayo ni habari. Cheti chake cha ualimu hakikukubaliwa, akafagia ofisi miaka mitatu, kisha akaingia chuo cha kutunza wazee, miaka mitatu mingine. Ni kazi ya heshima na tunaishukuru, watoto wamekula kwayo. Lakini fikirini, akina mama. Saa kumi na mbili asubuhi ulimwogesha mama wa watu, ukamchana nywele, ukamlisha uji, ukamgeuza ubavu ili asipate vidonda. Jioni ulipiga simu Machame kwa ile kadi ya kukwangua, ukauliza, "Mama ameoga?" Ukajibiwa na msichana wa kazi ambaye hujamwona uso, anayelipwa kwa fedha uliyopata kwa kumwogesha yule mwingine. Wako wazee pale waliotuita binti zao. Tuliitikia, na kila tulipoitikia tulisikia aibu.

Bibi alifariki Februari mwaka 2009. Simu ililia saa tisa ya usiku, na kila mtu anayekaa mbali anajua simu ya saa hizo ni ya nini. Asubuhi tukafungua droo ya pasipoti. Ya baba ilikuwa hai. Ya mama ilikuwa imekwisha muda wake tangu Oktoba.

Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa sisi. Ubalozi wetu uko Berlin, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni. Tulikuwa na miezi minne. Lakini kwa nini ulipie pasipoti mpya, kisha upange foleni ili kibali cha kuishi kihamishiwe humo, wakati mwakani unarudi nyumbani moja kwa moja? Hivyo ndivyo tulivyosema Oktoba. Baba alisafiri peke yake. Mama alibaki ghorofani na watoto watatu, kitinda mimba akiwa na umri wa miaka miwili kasoro mwezi. Mkwe wa nyumba ile hakuwepo kumwosha mama mkwe wake, hakuwepo jikoni, hakuwepo kaburini. Wiki tatu baadaye ilikuja sidii ya mazishi. Tuliitazama pamoja mara moja. Mama aliitazama peke yake mara nyingi, si kwa ajili ya mahubiri wala kwaya, bali kuona nani alishika mwiko, nani alifunga kanga ya nani, na wifi zake walikuwa na sura gani. Kuna mahali mpiga picha anapita jikoni na mmoja wao anasema neno linalowafanya wengine watazame chini. Sauti haisikiki vizuri.

Mwezi wa Julai mwaka uliofuata tulikwenda wote. Kwetu Wachaga jani la sale ndilo linalotangulia mtu anayekwenda kuomba radhi. Ni mmea ule ule unaozunguka mipaka ya kihamba, na jambo la ajabu, jamii yake inauzwa Ujerumani ndani ya vyungu, watu wanaiweka sebuleni kama pambo. Mama alichuma jani mpakani, akaingia nalo kwa wifi mkubwa, akapiga magoti. Wifi hakulipokea mara moja. Alisema, "Kwanza niambie kama unarudi au hurudi. Mama alikufa akihesabu." Tulitazamana, mume na mke, na tukajua kwamba hatukuwa na jibu, wala hatukuwahi kuketi tukalitafuta. Miaka kumi na mitatu tulikuwa tumejibu "mwakani" kila mtu aliyeuliza. Tukasema, kwa mara ya kwanza, "Hatujui. Labda haturudi kuishi." Ndipo wifi akalichukua lile jani.

Tulirudi Leipzig tukashuka stoo. Pipa la kwanza tulipolifungua tulikuta nguo za watoto tulizowawekea binamu zao. Binamu hao tulikuwa tumetoka kuwaona, mmoja yuko kidato cha nne, ana ndevu. Nondo walikuwa wamekula sweta. Cherehani ilikuwa na kutu. Tulicheka, kisha mmoja wetu akaacha kucheka. Kazi ya kugawa na kutupa ilituchukua Jumamosi tatu. Mashuka tuliyafungua tukayatandika vitandani mwetu, na usiku huo tulilala vibaya, kama walioiba.

Mchungaji wetu wa nyumbani alikuwa ametuambia tusome Yeremia sura ya 29, barua ya nabii kwa wale waliopelekwa Babeli. Tuliisoma tukitegemea faraja. Tulikuta nabii anawaambia watu waliokuwa wakingoja kurudi upesi kwamba wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee heri mji ule ule wa ugenini. Sisi tulikuwa hatujawahi kuuombea Leipzig. Tuliombea safari.

Bustani, basi, tukaitafuta kweli. Mji ule una historia yake katika jambo hili. Chama cha kwanza chenye jina la daktari Schreber, ambaye jina lake hutumika Ujerumani kote kuitia bustani ndogo za kukodi, kilianzishwa hapo hapo Leipzig mwaka 1864. Tuliandikisha majina, tukangoja, na mwaka 2011 tukapewa kipande. Kina sheria nyingi kama Mambo ya Walawi. Sheria ya nchi inataka kibanda kisizidi mita za mraba 24 na kisiwe cha kuishi, na kama theluthi ya ardhi ipandwe mboga na matunda. Chama nacho kinataka ua usipite kimo fulani, na mashine isingurume Jumapili. Mwanzoni tulichukia. Baadaye tulikumbuka kwamba kihamba nacho kina sheria, tena asiyezijua huambiwa na ukoo mzima.

Mwezi wa Aprili kulikuwa na jua zuri tukapanda maharage. Mama mzee wa bustani ya jirani alisimama kwenye ua akatikisa kichwa. Akatuambia tungoje katikati ya Mei zipite siku za wale watakatifu wanaowaita wa barafu. Hatukumsikiliza, tukidhani ni ushirikina. Asubuhi moja tukakuta maharage yote yameungua kwa baridi, meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Alikuja na trei ya miche yake ya ziada, hakusema neno. Tangu siku hiyo tulipanda alipopanda yeye. Tulifaulu mchicha na mnafu, ambao yeye aliuita magugu mpaka tulipompikia. Mgomba tuliojaribu ulitoa majani mazuri kwa miaka miwili bila kutoa ndizi, halafu ukafa.

Mama huyo alikuwa na watoto wawili. Wote waliondoka baada ya mwaka 1990 kutafuta kazi upande wa magharibi, mmoja Stuttgart na mwingine München. "Walisema wanakwenda kidogo tu," alituambia, akikwangua matope kwenye jembe. Wanakuja Krismasi, wanakaa siku tatu, wanazungumza kama watu wa huko. Tulirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, hatukupanda tramu.

Watoto wetu nao walikuwa wanakua. Tulikuwa tumewalea kama abiria, na wao hawakuwa abiria. Tukisema Kiswahili walijibu Kijerumani. Tulipowaambia "kwetu", walifikiri mtaa wetu. Kifungua mimba alichukua uraia wa Ujerumani mwaka 2016, na wakati ule alitakiwa kuuacha wa Tanzania. Hakutuuliza. Tulinuna miezi, hasa baba, mpaka siku kijana aliposema kwa upole, "Baba, ninyi mlinileta nikiwa na miaka miwili, na hamkuniambia kamwe kwamba tumefika." Hatukuwa na la kumjibu, na shikamoo yake ya asubuhi iliyofuata tuliipokea kwa haya.

Kitinda mimba habari yake ni nyingine. Alizaliwa mwaka 2007, tukiwa tumekwisha kuishi kule zaidi ya miaka minane, kwa hiyo sheria yao ilimfanya Mjerumani tangu kuzaliwa, na sheria yetu ikamtambua Mtanzania kwa baba yake. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mtu mzima hawezi. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka akifika miaka 18 auache ule mwingine, la sivyo Utanzania unamtoka. Jirani zetu Wakenya waliruhusiwa uraia wa nchi mbili na katiba yao ya mwaka 2010, na Ujerumani yenyewe iliacha kuwataka watu waukane wa kwao kuanzia tarehe 27 Juni 2024. Kwetu zimekuja hatua za hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, lakini hadhi si uraia, na wazee wa ukoo wanapozungumza habari za kihamba tofauti hiyo wanaijua.

Alitimiza miaka 18 mwezi Machi 2025. Safari hii tuliketi mwaka mzima kabla, sote watano, mezani, tukasema yote: kihamba, kaburi la bibi, tramu, pipa. Hatukumshauri. Hilo lilikuwa gumu kuliko mengine yote, maana mzazi wa Kichaga asiyeshauri anafikiriwa mgonjwa. Alikaa na Ujerumani wake. Alilia kidogo, nasi pia, kisha akauliza kama bado anaruhusiwa kuitwa kwa jina la bibi yake. Akajibiwa kwa kukumbatiwa.

Sisi wawili bado tuna pasipoti zetu za Tanzania, na safari hizi hatuzisahau kuzifufua mapema. Nyumba moja, pasipoti za namna mbili. Watoto wakija nasi uwanja wa Kilimanjaro wanapanga foleni ya wageni wakiwa na viza mkononi, sisi tunapita upande wa raia, kisha tunasimama mlangoni kuwangoja.

Lililobaki ni moja, na hatukubaliani. Baba anataka azikwe kihambani, karibu na mama yake, na ameweka fedha za safari hiyo pembeni. Mama alitaka hivyo hivyo, lakini siku hizi anauliza watoto watakuja mara ngapi kuweka maua Machame. Kule Leipzig kaburi hukodiwa, mara nyingi kwa miaka ishirini hivi, kisha hutolewa kwa mwingine. Baba anasema hawezi kulala katika kaburi la kukodi. Mama anasema ameishi katika vya kukodi miaka ishirini na minane na Mungu alimwona humo. Tumeliacha hapo kwa sasa.

Mama mzee wa bustani hawezi tena kuinama, kwa hiyo kipande chake tunakilima sisi pamoja na chetu, naye anakalia kiti chini ya mti wa tofaa na kutoa amri. Mwaka huu kitinda mimba alipiga simu kutoka chuoni mwanzoni mwa Mei. Alitaka kujua kama tumepanda. Tukamwambia bado, tunangoja zipite zile siku za barafu.